Filamu ya upande mmoja si lazima iwe ya uongo

Tangu vigogo wawili wa BBC, Mkurugenzi Mkuu Tim Davie na mkuu wa habari Deborah Turness, wajiuzulu Novemba 9, 2025, kuna hoja inayozunguka kwa kasi katika mijadala yetu. Inasema hivi: kama BBC waliweza kumkatakata Rais wa Marekani na kumuunga upya, basi filamu zao kuhusu Nairobi, na video za CNN kuhusu Dar es Salaam, ni yale yale. Watetezi wa serikali wanaipenda hoja hii, lakini inatolewa pia na watu wasio na maslahi yoyote, watu wenye nia njema waliochoka kuona Afrika ikisimuliwa na wengine. Naamini wanakosea, na kosa lao lina gharama kubwa kwetu kuliko kwa BBC. Panorama, kipindi cha BBC kilichorusha filamu kuhusu Donald Trump, ilianguka kwa sababu iliunga maneno ya sehemu mbili tofauti za hotuba yake na kuuficha mshono. Mshono huo ulibainika kwa kuwa hotuba nzima ilikuwa hadharani, na yeyote aliweza kukaa na kulinganisha. Hicho ndicho kipimo tunachopaswa kukitumia. Tukikitumia kwa haki, kitazihukumu filamu tofauti hukumu tofauti, na kitawabana pia wanaolalamikia filamu za upande mmoja huku wao wenyewe wameukalia ushahidi ghafi.

Kwanza kilichotokea London. Filamu ile kuhusu Trump, iliyotengenezwa na kampuni binafsi kwa niaba ya BBC, ilirushwa Oktoba 28, 2024, wiki moja tu kabla ya Wamarekani kupiga kura. Ndani yake Trump anasikika, kana kwamba kwa pumzi moja, akiwaambia wafuasi wake wa Januari 6, 2021 kwamba wataelekea Capitol, jengo la Bunge la Marekani, kwamba atakuwa pamoja nao, na kwamba watapigana kufa na kupona. Katika hotuba halisi, iliyochukua zaidi ya saa moja, kati ya maneno ya kwanza na yale ya kupigana kuna takriban dakika 54. Maneno ya kwanza yalifuatiwa na habari ya kwenda kuwashangilia maseneta na wabunge, na punde baadaye Trump akawaambia wakapaze sauti zao kwa amani na kwa uzalendo. Yote hayo yaliachwa. Michael Prescott, aliyekuwa mshauri wa nje wa kamati ya BBC inayosimamia viwango vya uhariri, aliandika waraka wa malalamiko ambao gazeti la Telegraph liliuchapisha mwanzoni mwa Novemba 2025. Mwenyekiti wa BBC, Samir Shah, akaomba radhi na kukubali kwamba uhariri ule ulimfanya mtazamaji aamini kuwa Trump alitoa mwito wa moja kwa moja wa vurugu. Desemba, Trump akafungua kesi huko Florida akidai mabilioni ya dola.

Wapo walioitetea filamu ile kwa kusema kwamba ujumbe wake ni kweli hata kama mkato wake una kasoro. Wanakumbusha kuwa Baraza la Wawakilishi lilimshtaki Trump kwa kuchochea uasi Januari 13, 2021, na kwamba katika Seneti kura 57 dhidi ya 43 zilimwona ana hatia, ingawa hazikufikia theluthi mbili zinazotakiwa. Kwa maoni yao, mhariri alifupisha tu kile ambacho wengi katika Bunge la nchi hiyo walishakiona. Katika utetezi wote niliousoma, huu ndio dhaifu kuliko mwingine. Kama hotuba nzima inathibitisha uchochezi, mtazamaji aonyeshwe sehemu zake jinsi zilivyo, pamoja na ile ya amani, kisha msimulizi aeleze kwa nini anadhani maneno ya amani hayakuwa na uzito mbele ya umati uliokwisha pandishwa hasira. Hiyo ni hoja, na hoja hupingika. Mshono uliofichwa haupingiki, kwa sababu anayeutazama hajui kuwa upo. Tena tiba yake ilikuwa rahisi: msimulizi angetamka tu "baadaye katika hotuba hiyo hiyo", au picha ingefifia kidogo kuonyesha kwamba muda umepita. Ni sekunde tatu za filamu. Kwa kuzikosa hizo, watengenezaji walimpa mtuhumiwa wao utetezi ambao hakuwa nao, na wakawaachia waandishi wa uchunguzi wa dunia nzima mzigo ambao hawakuuomba.

Lakini hapa ndipo mjadala wetu unapopotoka. Watu wengi wamehitimisha kwamba dhambi ya filamu ile ni kuwa na msimamo. Hakuna filamu ya makala isiyo na msimamo. Anayetengeneza filamu ya saa moja hurekodi saa nyingi na kutupa karibu zote. Huchagua amhoji nani, aanze na kilio au na takwimu, amalizie na sauti ya mjane au ya waziri. Kulitaka lisilowezekana, yaani filamu isiyochagua, ni njia ya kuzikataa filamu zote kwa mkupuo. Swali lenye maana ni uchaguzi huo umefanya nini kwa ukweli. Kuchagua kusimulia habari ya waliouawa badala ya habari ya waliochomewa maduka ni haki ya msimulizi, na mwingine anaweza kuisimulia ile ya pili. Kuacha jambo ambalo lingebadilisha maana ya kila kilichoonyeshwa ni kosa, ingawa mara nyingi huhitaji ubishi kulithibitisha. Kuunga picha mbili za kweli ili zizae uhusiano ambao hakuna aliyeuthibitisha ni udanganyifu, hata kama kila picha peke yake ni halali. Nadhani aina hii ya mwisho ndiyo ya kuogopwa zaidi, kwa sababu mtu anayehakiki kila tukio moja moja hatakuta neno la uongo.

Watanzania hatuhitaji kwenda Washington kuitafuta. Mwaka 2004 Hubert Sauper, Mwaustria, alitoa "Darwin's Nightmare", filamu aliyoirekodi Mwanza. Ilizunguka dunia, ikafika kuwania tuzo ya Oscar ya 2006, na huko Ufaransa ilizaa miito ya kususia minofu ya sangara. Inasimulia jinsi sangara, samaki aliyepandikizwa katika Ziwa Victoria miaka ya 1950 na 1960, alivyowamaliza furu na samaki wengine wa asili, jinsi viwanda vya minofu vilivyoota kando ya ziwa, na jinsi minofu hiyo inavyopakiwa kwenye ndege kubwa za mizigo aina ya Ilyushin kwenda Ulaya huku wenyeji wakibakiwa na mapanki, vichwa na mifupa iliyokwisha paruliwa nyama. Katikati ya hayo swali moja linarudi tena na tena: ndege hizi zikija Mwanza zinaleta nini? Filamu haijibu waziwazi. Inadokeza, na kinachodokezwa ni silaha.

Ukitazama kwa makini, hutaona mahali popote sanduku la silaha likishushwa Mwanza. Kuna ushuhuda wa mwandishi wa habari wa mjini humo, kisha karibu na mwisho kuna rubani mmoja wa kigeni, mwenye huzuni ya kweli, anayekiri kwamba aliwahi kupeleka Angola mashine kubwa mfano wa vifaru, kisha akapitia Johannesburg kupakia zabibu za kwenda Ulaya. Watoto wa Angola, anasema, walipata bunduki kwa Krismasi, na watoto wa Ulaya wakapata zabibu. Ni ushuhuda mzito na mimi sina sababu ya kuukataa. Lakini ni ushuhuda wa Angola na Johannesburg. Hauna sangara ndani yake, wala hauna Mwanza. Mtazamaji wa Paris au Vienna hutoka ukumbini akiwa na minofu na bunduki ndani ya ndege moja, na aliyeviweka humo ni mhariri wa picha. Hisi yenyewe haikuwa ya kipuuzi. Vita vya Congo na Angola vilikuwa vikilishwa silaha kwa ndege miaka ile, na viwanja vya ukanda huu havikuwa mbali na biashara hiyo. Ndiyo maana hisi kama hiyo ilistahili tarehe, namba ya safari na hati ya mzigo, kuliko kuachiwa muziki na sura ya rubani.

Kuna pia kilichoachwa. Kati ya 1997 na 1999 Umoja wa Ulaya uliweka marufuku mara kadhaa dhidi ya samaki wa Ziwa Victoria, mara kwa hofu ya bakteria wa salmonela, mara kwa kipindupindu, na mwishowe kwa habari za uvuvi wa kutumia sumu. Viwanda viliyumba, ajira zikapotea, na mvuvi akauza kwa bei ya kutupa. Anayejua habari hiyo anajua nani huumia kwanza Ulaya inapofunga mlango. Asiyeijua ataona kwamba kususia minofu ni huruma. Huo ndio mfano wangu wa jambo lililoachwa ambalo lingebadilisha maana ya mengine.

Hata hivyo wakosoaji wa filamu nao walikamata pasipostahili. Wengi walishikilia kwamba mapanki ni chakula cha mifugo na kwamba watu walikuwa wanaigizishwa. Watu wa kando ya ziwa wanajua kuwa mapanki yalikaangwa, yakauzwa na kuliwa na binadamu, kwa sababu bei ya viwanda ilikwisha mpandisha sangara mzima hadi mlaji wa kawaida asimfikie. Msomi Mfaransa François Garçon aliishambulia filamu, Sauper akamshtaki kwa kumkashifu, na mahakama ya Paris ikampa Sauper ushindi mwaka 2008, ushindi uliothibitishwa katika rufaa mwaka uliofuata. Mashabiki wa filamu wakasema imesafishwa. Haikusafishwa. Kashfa iliyoamuliwa ilihusu madai kwamba watoto walilipwa waigize. Uhusiano wa samaki na silaha haukuthibitishwa na hukumu ile, na haukukanushwa.

Na serikali yetu? Rais Jakaya Kikwete aliilaani filamu katika hotuba yake ya mwisho wa Julai 2006, kisha kukawa na maandamano Mwanza ya kuipinga. Mwandishi wa habari aliyezungumza ndani ya filamu aliandamwa, akatishiwa hata kufukuzwa nchini. Nikiipima hatua hiyo kwa kipimo kile kile nilichompimia Sauper, naiona dhaifu kuliko filamu yenyewe. Serikali ndiyo inayosimamia viwanja vya ndege na forodha. Dai la filamu lilikuwa aina ya dai linaloweza kuvunjwa kwa makaratasi: ndege gani ilitua siku gani, ikitokea wapi, ikiwa na nini au ikiwa tupu. Rundo moja la hati hizo, likiwekwa mezani mbele ya waandishi, lingemfanya Sauper ajieleze mbele ya dunia nzima. Kilichosikika zaidi kilikuwa lawama, na lawama hazikumfikia hata mtazamaji mmoja wa Paris.

Nigusie kwa kifupi "Kony 2012", kwa kuwa inaonyesha namna nyingine ya kuficha. Video hiyo ya nusu saa, iliyotolewa Machi 2012 na shirika la Invisible Children la Marekani, ilitazamwa zaidi ya mara milioni 100 ndani ya takriban wiki moja. Ilimlenga Joseph Kony, kiongozi wa waasi wa LRA wa kaskazini mwa Uganda. Wakati huo waasi hao walikuwa wameshaondoka Uganda kwa miaka kama sita. Watengenezaji wanaweza kujitetea kwamba walilisema hilo, na kweli limesemwa, haraka haraka, ramani ikipita, kisha filamu inarudi kwenye picha za watoto wa Gulu za miaka ya nyuma. Ilipoonyeshwa hadharani Lira, mji wa kaskazini mwa Uganda, mbele ya watu ambao vita ile iliwapitia mwilini, walikasirika hadi mawe yakarushwa na maonyesho yakakatizwa. Wao waliujua ukweli mzima, kwa hiyo waliuona mshono.

Sasa turudi Nairobi. "Blood Parliament", filamu ya BBC Africa Eye, kitengo cha uchunguzi cha BBC, iliyotoka Aprili 28, 2025, ilichambua picha na video zaidi ya 5,000 ili kubaini ni nani katika vikosi vya usalama aliyewafyatulia risasi waandamanaji kwenye Bunge la Kenya Juni 25, 2024, siku wabunge walipopitisha Muswada wa Fedha. Msemaji wa serikali Isaac Mwaura alisema filamu ni ya upande mmoja na kwamba ilipaswa kuzingatia waliovamia Bunge. Mbunge George Peter Kaluma alitaka BBC wanyimwe kibali cha kufanya kazi nchini. Onyesho lililopangwa Nairobi likafutwa dakika za mwisho kwa kile BBC ilichokiita shinikizo la mamlaka. Siku chache baadaye watengenezaji filamu wanne wa Kenya walikamatwa wakihusishwa na filamu hiyo, ingawa BBC ilisema hawakushiriki.

Tuiweke filamu hii kwenye mizani ile ile. Haifichi kwamba waandamanaji walivunja uzio na kuingia, inaonyesha. Je, ina upande? Ndiyo, iko upande wa waliokufa, na haifichi. Lakini dai lake la msingi ni la aina inayopimika: mtu huyu alisimama hapa, saa hii, akiwa na silaha hii, akaielekeza kule. Video zake nyingi zilipigwa na watu wengi tofauti kutoka pembe tofauti, na baadhi zilikuwa mitandaoni tangu siku ile. Anayedhani kuna mshono uliofichwa anaweza kuutafuta kama ulivyotafutwa ule wa Panorama, kwa kuweka rekodi kamili kando ya filamu. Malalamiko niliyoyasoma ya maofisa hayakusema kwamba saa fulani imekosewa au kwamba sura fulani si ya aliyetajwa. Yalisema filamu inachochea na haina mizani. Hata tukikubali yote mawili, risasi bado imetoka mahali, na aliyefyatua bado ana jina.

Hoja nzito zaidi ya upande wa pili naiheshimu. Vyombo vikubwa vya nje huja kwetu damu inapomwagika, huondoka na tuzo, na wanaobaki kuandamwa ni wenyeji waliowasaidia. Uamuzi wa nini kisimuliwe kuhusu Kenya au Tanzania hufanyika London na Atlanta. Hilo ni kweli na linauma. Yaliyompata mwandishi yule wa Mwanza ni ushahidi tosha. Lakini tazama jinsi hoja hiyo inavyotumiwa. Anayelia kwamba Waafrika hawasimulii habari zao wenyewe ndiye anayemkamata Mwafrika mwenye kamera. Kama shida ni umiliki wa simulizi, basi wale vijana wanne walikuwa sehemu ya dawa.

Hapa nafika kwenye jambo linalonisumbua kuliko mengine yote. Tumezoea kudhani kwamba uchaguzi wa ukweli huanzia katika chumba cha uhariri. Mara nyingi huanza mapema zaidi, kwa yule anayeamua nini kirekodiwe na nini kitoke. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi Tanzania, intaneti ilizimwa na ikabaki imezimwa kwa siku kadhaa. Baadaye CNN walipotoa uchunguzi wao wa video kuhusu mauaji ya waandamanaji siku zile, upande wa serikali uliupinga kuwa wa upande mmoja. Inawezekana kabisa kuwa una mapengo. Uchunguzi unaotegemea vipande vya simu vilivyovuja lazima uwe nayo. Lakini aliyesababisha video ziwe vipande ni nani? Mtu anayeziba chanzo hana haki ya kulalamika kwamba maji yaliyopatikana ni machache. Panorama ilinaswa kwa sababu hotuba ya Trump ilirekodiwa nzima na kuhifadhiwa wazi. Tukinyimwa rekodi nzima, tunanyimwa na uwezo wa kuwanasa waandishi waongo, na kila filamu, nzuri na mbaya, inageuka kuwa suala la kuamini au kutoamini.

Kwa hiyo madai yangu yanawahusu wengi. BBC, CNN na wengine wanaotengeneza filamu kuhusu nchi zetu waweke hadharani, pamoja na filamu, mahojiano kamili na video kamili walizozitegemea, isipokuwa pale uhai wa shahidi unapokuwa hatarini, na wauonyeshe kila mshono katika maneno ya mtu. Tangu Novemba ile hawana tena haki ya kutuomba tuwaamini hivi hivi. Vituo vyetu vya televisheni, vya umma na vya binafsi, vina kanda za matukio ambazo hazijawahi kurushwa na pengine hazitarushwa. Zihifadhiwe na zisifutwe, hata kama leo hakuna mwenye ujasiri wa kuzionyesha. Serikali ya Kenya inaweza kuimaliza "Blood Parliament" kwa wiki moja kama ina picha zinazoipinga, kwa kuzitoa. Na kwa Tanzania, Tume ya uchunguzi iliyoundwa Novemba 2025 chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman ilipewa kazi ya kueleza kilichotokea. Uzito wa maelezo yake, kwangu, utategemea kama video na kumbukumbu iliyozipitia zitafunguliwa kwa raia kuzitazama, au kama tutapewa muhtasari uliokwisha kuhaririwa na watu wengine.